Wanavyuoni wa Andalusi na Ilimu ya Mbolea

Katika nyumba zetu nyingi za pwani, kazi ya mwanzo ya asubuhi ni kufagia uwanja. Majani ya mwembe, makuti yaliyoanguka, maganda ya muhogo na ya ndizi, yote hukusanywa yakawa biwi, kisha biwi likatiwa moto. Moshi ukatanda mtaa mzima, mwenye pumu akakohoa, na lililobaki likawa jivu la kupeperushwa na upepo. Na mwenye uwanja huyo huyo akenda shambani hulalamika kuwa ardhi imechoka, muhogo haunenepi, na mbolea ya gunia bei yake haishikiki. Ndugu msomaji, mambo haya mawili ni jambo moja. Kile alichokipeleka motoni ndicho anachokitafuta dukani. Na Waislamu waliotutangulia walilijua hilo vyema hata wakaliandikia vitabu.

Tukitaja Andalusi, yaani ile sehemu ya Hispania iliyotawaliwa na Waislamu tangu mwaka 711 hadi 1492, wengi wetu hukumbuka msikiti wa Cordoba na majumba ya Granada. Ni wachache wakumbukao kwamba nchi ile ilisifika pia kwa mashamba yake, na kwamba walikuwako wanavyuoni waliotumia umri wao kuchungua udongo, maji na mbolea, kama wengine walivyotumia umri wao katika tiba na falaki.

Mmoja wao ni Ibn Bassal, aliyeishi katika karne ya 11 katika mji wa Toledo, ambao Waarabu waliuita Tulaitula. Alikuwa mtunzaji wa bustani ya mfalme al-Ma'mun. Alikwenda kuhiji Makka, na katika safari zake akatazama kilimo cha nchi za watu. Toledo ilipotekwa mwaka 1085, alihamia Seville, na huko akaendelea na kazi yake. Kitabu chake kina sifa moja kubwa: hakujaza maneno ya kunakili, bali aliandika aliyoyaona kwa macho na kuyajaribu kwa mikono.

Ibn Bassal alizieleza mbolea aina baada ya aina: samadi ya farasi na punda, ya kondoo, ya njiwa, taka za kufagiwa majumbani, hata jivu la majiko ya hamamu za mjini. Tena akataja mbolea ya kutengenezwa na mtu, ambayo kwa Kiarabu huitwa muwallad, yaani iliyozalishwa. Asiye na mifugo hakuambiwa akae bure. Alifunzwa akusanye majani na mabua, ayarundike, ayatie maji, ayapindue na kuyaacha mpaka yaoze. Hiyo ndiyo mboji.

Baada yake, mwishoni mwa karne ya 12, akatokea Ibn al-Awwam wa Seville, aliyeandika Kitab al-Filaha, kitabu cha milango zaidi ya 30. Tazama mpango wake: mlango wa kwanza ni wa udongo, wa pili ni wa mbolea, na wa tatu ni wa maji. Kabla hajaingia katika milango ya kupanda miti, amekwisha kumfunza mkulima namna ya kuilisha ardhi. Alikusanya maneno ya Wayunani, ya Warumi na ya watu wa Iraki ya kale, kisha naye akajaribu katika mashamba ya Aljarafe, karibu na mji wake. Seville ilitoka mikononi mwa Waislamu mwaka 1248, lakini ilimu haikutoka. Mwaka 1802, Josef Antonio Banqueri alikipiga chapa kitabu hicho mjini Madrid pamoja na tafsiri ya Kihispania, ili wakulima wa nchi hiyo wafaidike nacho.

Huenda mtu akauliza: je, kushughulika na taka na samadi si kujitia najisi? Wanavyuoni wa fikihi walikwisha kulitazama. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, kinyesi cha mnyama ni najisi na hakiuzwi, lakini kurutubisha ardhi kwacho kumeruhusiwa, na mazao yaliyoota hapo ni tohara. Na Imamu Baihaqi amepokea habari kwamba Saad bin Abi Waqqas, sahaba mkubwa na jemadari wa vita vya Qadisiya, alikuwa akichukua samadi mwenyewe kuipeleka shambani mwake. Ikiwa jemadari hakuona haya, sisi tunaona haya ya nini?

Karne nyingi baadaye, Mwingereza Albert Howard alifika India mwaka 1905 kuwafunza wakulima, na mwenyewe akakiri kuwa wao ndio waliomfunza yeye. Katika mji wa Indore, baina ya 1924 na 1931, alipanga kwa utaratibu kazi ya kuozesha majani, samadi, udongo na jivu kwa matabaka, ikawa mboji kwa muda wa miezi mitatu. Mwaka 1933 njia hiyo ilikwisha fika katika shamba la kahawa karibu na Nairobi. Basi jambo hili si geni hata kwetu.

Siri yake ni hii. Ndani ya biwi wamo vijidudu visivyoonekana kwa macho, navyo huhitaji chakula, maji na hewa. Majani makavu yachanganywe na mabichi, maganda ya jikoni na samadi ya mbuzi. Biwi liwe na unyevu bila ya kurowa, na lipinduliwe kila baada ya wiki mbili au tatu. Litapata moto wenyewe hata kufikia digrii 60, na moto huo huua mbegu za magugu. Makuti na makumbi huchelewa kuoza, kwa hiyo yakatwekatwe kwanza. Moto wa kiberiti huacha jivu, nalo lina faida yake, lakini naitrojini karibu yote imekwenda na moshi. Mboji huibakisha, na katika mchanga wetu wa pwani hushika maji yasipotee upesi.

Dini yetu imekataza ufujaji, imetuhimiza kuondoa udhia njiani, na Mtume (S.A.W.) ametufunza kwamba apandaye mti, kila kiumbe akilacho humo huwa ni sadaka yake. Mwenye kuozesha biwi lake pembeni mwa uwanja, mbali na ukuta wa jirani, amekusanya yote matatu: hakufuja, hakumuudhi mtu kwa moshi, na ameulisha mti utakaolisha wengine.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa warithi wa ilimu ya waliotutangulia, si wa majina yao tu. Amin.