Wakulima wa Ntuzu na Wakulima wa Ukara

Wasomaji wetu wa Bariadi wanajua ya kuwa mto Simiyu humwaga maji yake katika Ziwa Victoria, katika ile ghuba iitwayo Ghuba ya Speke. Ng'ambo ya ghuba hiyo, upande wa kaskazini, kipo kisiwa kikubwa cha Ukerewe, na nyuma yake tena kipo kisiwa kidogo kiitwacho Ukara. Ukubwa wake wote ni kama maili za mraba 30 tu, na mtu mwenye miguu mizuri aweza kukivuka kwa mwendo wa saa chache. Katika mazungumzo haya twataka kulinganisha maisha ya watu wa kisiwa hicho na maisha ya watu wa nchi yetu ya Ntuzu, kwa sababu watu hawa wanakunywa maji ya ziwa moja na mito yake, wanalima mtama ule ule na kufuga ng'ombe wa namna ile ile, walakini desturi zao za kupata riziki zilitofautiana kama mchana na usiku.

Tuanze na Ukara. Katika miaka ya 1930, mabwana shamba wawili, Thornton na Rounce, walikwenda huko wakachunguza kilimo cha Wakara, nao mwaka 1936 wakaandika habari zake. Waliyoyaona yaliwastaajabisha. Kisiwani walikuwako watu zaidi ya 15,000, yaani kama watu 500 katika kila maili moja ya mraba. Mtu angedhani ya kuwa watu wengi hivyo hukaa pamoja kwa sababu udongo ni mzuri sana. Sivyo. Udongo wa Ukara ni mchanga uliotokana na mawe ya matale, nao ni dhaifu. Ukilimwa miaka michache bila kutiwa kitu huchoka kabisa. Mvua ni nyingi kuliko ya Bariadi, hilo ni kweli, lakini mvua peke yake haishibishi watu 500 juu ya mchanga.

Kilichowashibisha ni samadi. Mkara hakuwaacha ng'ombe wake wazurure. Aliwafunga nyumbani mwake, ndani ya shimo lililochimbwa katika sakafu ya nyumba, akawaletea majani na matawi ya kulisha na ya kutandika. Majani yale yakichanganyika na mavi na mkojo, shimo likajaa kidogo kidogo, na ng'ombe wakapanda juu pamoja na samadi yao. Kisha samadi ikatolewa, ikachukuliwa kichwani kwa vikapu mpaka shambani. Na kwa kuwa malisho hayakuwako, ilimpasa mtu kuyalima majani yenyewe. Kando ya ziwa Wakara walichimba mashimo mapana mpaka wakafikia unyevu wa maji, na humo wakapanda majani ya ng'ombe, wakayakata na kuyabeba kwenda nyumbani. Hebu msomaji wa Ntuzu afikiri: mtu kumlimia ng'ombe shamba!

Pamoja na samadi walikuwa na ujuzi mwingine. Uwele ulipokuwa ungali shambani, walipanda kati yake mmea wa jamii ya kunde uitwao marejea. Uwele ulipovunwa, marejea yakaendelea kukua, kisha yakafukiwa ardhini yakiwa mabichi ili kuutia udongo nguvu. Baada ya hayo ukaja uwele tena, au mtama, na njugu mawe, kwa zamu iliyojulikana. Mabondeni walipanda mpunga, na milimani walijenga kuta za mawe ili mvua isichukue udongo.

Mambo haya ya shamba yaliyagusa pia mambo ya watu. Mahali ambapo udongo umetengenezwa kwa mikono, mwenye mikono ile hakubali kuuacha. Basi katika Ukara shamba lilikuwa mali ya mtu mwenyewe. Alilirithi kwa baba yake, aliweza kuliuza, na mipaka yake ilijulikana hatua kwa hatua. Hata miti ilikuwa na wenyewe, na yawezekana mti uwe wa mtu huyu na ardhi iliyo chini yake iwe ya mtu yule. Jambo hilo huwachekesha wanafunzi wetu tunapowaeleza darasani, lakini kuni zikiwa haba hivyo, halichekeshi.

Sasa tutazame upande wetu. Nchi ya Ntuzu, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Maswa na tangu mwaka 2012 ni sehemu ya Mkoa wa Simiyu, ni nchi ya mbuga pana. Msukuma aliutambua udongo kwa majina: luseni, mchanga wa juu ulio mwepisi kwa jembe, itogolo, udongo mgumu wa katikati, na mbuga, udongo mweusi wa bondeni ulio mzito wakati wa mvua na wenye nyufa wakati wa kiangazi. Kaya zilisimama mbalimbali, kila moja na ua wake wa minyaa. Ardhi ilikuwa chini ya mtemi, na wanangwa wake waliigawa kwa watu. Mtu alikuwa na haki juu ya shamba lake muda aliokaa na kulilima, lakini akihama hakuliuza, lilirudi kwa nchi na mwanangwa akampa mwingine. Mavuno yakiisha, mabua yalikuwa ya ng'ombe wa wote. Kwa kazi kubwa za kulima na kuvuna, vijana walikuwa na chama chao chini ya nsumba ntale, wakaenda pamoja kwa ngoma na nyimbo, wakalipwa chakula au ng'ombe.

Mali ya Msukuma ilikuwa ng'ombe. Kwa ng'ombe aliolea mke, kwa ng'ombe alinunua chakula wakati wa njaa, na mwenye makundi makubwa aliwagawia jirani na jamaa wamtunzie, ili ugonjwa au ukame usiwamalize wote mahali pamoja. Samadi ilirundikana zizini, na mara nyingi ilibaki pale pale. Shamba likichoka, mtu alifungua jingine.

Kisha ikaja pamba. Mbegu zake zilianza kuletwa katika nchi za kusini mwa ziwa tangu siku za Wajerumani, na katika miaka ya 1940 na 1950 kilimo chake kiliongezeka sana. Wakulima waliona ya kuwa mizani ya wanunuzi haikuwapendelea, wakaanza vyama vyao. Na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, Paul Bomani akiwa kiongozi wake. Baada ya miaka michache ushirika huo ulihesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa vya wakulima katika Afrika nzima. Fedha ya pamba iliponunua plau, mashamba yakapanuka tena, kwa maana ng'ombe wawili au wanne wenye plau hulima kwa siku moja kazi ya mikono mingi. Na fedha iliyobaki ilinunua nini? Ng'ombe.

Mambo yaliyofuata twayapita upesi, maana wengi wetu wanayajua: vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na tangu mwaka 1994 wafanya biashara binafsi wameruhusiwa kununua pamba. Ukara haukuwa na historia ya namna hii. Mkara alipata fedha kwa samaki, kwa mpunga kidogo, na kwa kwenda kufanya kazi bara.

Basi wakuu wa serikali ya Kiingereza walipoona nyika za Usukuma zikianza kuwa tupu kwa wingi wa ng'ombe, walihesabu ya kuwa maili moja ya mraba ya Usukuma yaweza kuchukua watu 100 pamoja na mifugo yao. Mwaka 1947 wakaanzisha mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma, makao yake Malya. Watu wakaamriwa kulima matuta yenye vizuizi, kutia samadi, kupunguza ng'ombe. Mfano wa Ukara ulitajwa mara nyingi: tazameni wenzenu kisiwani. Watu walizichukia amri zile, wakatozwa faini, na uchungu wao ukaingia katika siasa ya kudai uhuru. Mwishoni mwa miaka ya 1950 serikali ikaacha kuwalazimisha.

Wako waliosema, na wako wasemao hata leo, ya kuwa Mkara ni mtu wa bidii na Msukuma ni mvivu wa kubeba samadi. Sisi tunakataa maneno hayo, na ushahidi wetu unatoka kwa Wakara wenyewe. Kwa miaka mingi vijana wa Ukara wamehama kisiwa chao wakaenda kukaa bara, mahali penye nafasi. Walipofika huko walifanya nini? Waliacha shimo la ng'ombe, waliacha kufukia marejea, wakalima mashamba mapana kama wenyeji wao. Ujuzi hawakuusahau. Ila waliona ya kuwa kazi ya siku moja katika nchi pana huleta chakula kingi zaidi kuliko kazi ya siku moja kisiwani. Mkara alibeba samadi kwa kuwa hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Msukuma hakuibeba kwa kuwa alikuwa nako. Kila mmoja alipiga hesabu yake vema.

Jambo hili si la Ziwa Victoria peke yake. Katika nchi ya Nepal, chini ya milima mirefu kupita yote duniani, wakulima wamekata ngazi za mashamba juu ya miteremko, wakafuga nyati na ng'ombe kwa ajili ya mbolea, na bado ardhi haikuwatosha. Kwa hiyo tangu mwaka 1815 vijana wao wamekwenda kuandikwa askari wa Kiingereza, wale waitwao Wagurkha, na mishahara yao ikarudi kujenga nyumba milimani. Wazee wetu wa K.A.R. waliokwenda Burma mwaka 1944 walipigana katika vita ile ile pamoja nao. Na katika visiwa vya Hawaii, mbali sana katika bahari ya Pasifiki, watu wa kale waliishi kwa mashamba ya magimbi yenye kuletewa maji kwa mifereji, na kwa mabwawa ya samaki yaliyozungushiwa kuta za mawe, huku ardhi ikiwa chini ya machifu. Mwaka 1848 ardhi ile iligawanywa, na baada ya muda mfupi ikawa kitu cha kununuliwa. Watu wa kawaida wengi wakabaki hawana kitu, na mashamba makubwa ya miwa ya wageni yakaenea. Mwaka 1893 malkia wao aliondolewa, na mwaka 1898 visiwa vikawa mali ya Marekani. Twataja habari hizi mbili kwa sababu zaonyesha njia mbili ambazo nchi iliyojaa huzipitia: watu kutoka, au ardhi kugeuka bidhaa. Ukara ulizijua zote mbili.

Na Bariadi? Hesabu ya watu ya mwaka 2012 iliona katika Mkoa wa Simiyu watu 1,584,157; ile ya mwaka 2022 iliona 2,140,497. Upande wa mashariki nchi imefungwa na Hifadhi ya Serengeti, iliyowekwa mwaka 1951, na Pori la Akiba la Maswa. Kwa hiyo Wasukuma wengi wamefanya kama walivyofanya vijana wa Ukara, wakahama na ng'ombe zao kwenda Rukwa, Katavi, bonde la Usangu na bonde la Kilombero. Huko hawakukuta nchi tupu. Katika miaka ya 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Usangu ili maji ya mto Ruaha yahifadhiwe, na mwaka 2012 wakaondolewa Kilombero. Wengi walipoteza mifugo njiani, na wenyeji wakulima nao walikuwa na malalamiko yao ya mazao yaliyoliwa. Hayo si mambo ya kale. Wamo miongoni mwa wasomaji wetu ambao ndugu zao walikuwako.

Waliobaki nyumbani wanayo desturi moja ya wazee ambayo kwa maoni yetu yastahili kutazamwa kuliko shimo la Mkara, nayo ni ngitili. Tangu zamani Msukuma alitenga mahali penye majani wakati wa masika, akapazuia ng'ombe, ili majani yale yawaokoe ndama na ng'ombe wagonjwa wakati wa kiangazi kikali. Ngitili nyingi zilipotea watu walipohamishiwa vijijini katika miaka ya 1970. Mwaka 1986 serikali ilianza mpango wa kuhifadhi udongo Shinyanga, mkoa ambao wakati huo ulikuwa pamoja na Bariadi, na mpango huo haukuleta amri mpya, bali uliwauliza watu juu ya ngitili zao. Eneo kubwa lilirudi kuwa na majani na miti, likatoa kuni, fito, asali na dawa.

Lakini ngitili za siku hizi si zile za wazee. Zamani mwenye ngitili aliyekuwa na majani ya kutosha aliweza kumruhusu jirani kwa maneno tu. Siku hizi zipo ngitili zinazokodishwa kwa fedha wakati wa kiangazi, mipaka yake hugombaniwa, na wana wa baba mmoja hugawana majani kama wanavyogawana ng'ombe.