Walutheri wa Mulango

Kanisa la mbao na mabati nyuma ya ploti yetu hapa Gatina limebadilisha bango mara tatu tangu niache chuo. Viti ni vilevile.

Susu huniambia Mulango, kule Kitui, ni AIC tangu zamani. Nilikubali tu. Kumbe kituo hicho kilianzishwa na Walutheri, Wajerumani wa Misheni ya Leipzig, mwishoni mwa miaka ya 1890, enzi za njaa kubwa ya Ukambani. Walikuwa wameshatangulia Ikutha, wakajifunza Kikamba.

Halafu 1914, vita. Hii ilikuwa nchi ya Mwingereza, na Mjerumani akawa adui. Vituo vyao vikaangukia mikono ya Africa Inland Mission, Wamarekani. Na si bango tu lililobadilika: Mlutheri hubatiza mtoto mchanga, hawa wapya walitaka mtu mzima anayejua anachokiri. Sasa yule aliyebatizwa akiwa mgongoni mwa mamake ahesabiwe vipi?

Nilimuuliza Susu. Alinyamaza, akapepeta maharagwe yake kwanza. Kisha akasema mamake alibatizwa mara mbili, na hakuwahi kueleza kwa nini.