Kufungua Mbele ya Shahidi

Mteja akija akasema amepoteza ufunguo wa stoo, simtajii bei kwanza. Namuuliza stoo ni ya nani, iko jengo gani, ndani kuna nini, na pale mtaani nani anamfahamu. Wengine hukasirika. Mtu ana marobota ya vitenge ndani, lori la Mbeya linaondoka jioni, halafu fundi anamhoji kama askari. Lakini hivyo ndivyo alivyonilea mjomba katika kazi hii, naye alikaa Kariakoo na jiriwa yake tangu mimi sijazaliwa. Nilipoanza kusoma habari za mafundi wa zamani niligundua kwamba utaratibu wake una wazee wake. Wale walioheshimika kwa kufungua bila ufunguo walifungua watu wakiwa wamesimama wanatazama.

Mwaka 1817, kwenye bandari ya jeshi la majini la Uingereza huko Portsmouth, wezi waliingia kwa funguo bandia. Serikali ikatangaza zawadi ya pauni 100 kwa fundi atakayetengeneza kitasa kisichofunguka ila kwa ufunguo wake mwenyewe. Mwaka uliofuata Jeremiah Chubb akapata hataza ya kitasa chake. Ndani yake kulikuwa na vibao vyembamba vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na kila kibao kilitaka kuinuliwa kwa kimo chake, si zaidi wala si pungufu. Aliongeza jambo moja ambalo mafundi hatujaacha kulizungumzia: ukiinua kibao kupita kiasi, kinanasa. Mwenye mali akija na ufunguo wake unakwama, naye anajua papo hapo kwamba kuna mtu alijaribu. Katika kitasa kilichoboreshwa baadaye, akiuzungusha upande wa pili, kitasa kinarudi sawa. Kulikuwa na mfungwa mmoja katika zile meli zilizotumika kama magereza, fundi wa vitasa kwa kazi yake, akaahidiwa msamaha na fedha juu akikifungua. Alihangaika nacho miezi, akasalimu amri.

Kwa zaidi ya miaka thelathini Waingereza walilala usingizi kwa ajili ya kitasa hicho, na kwa ajili ya kingine cha Joseph Bramah, kilichowekwa kwenye dirisha la duka la Piccadilly, London, tangu 1790, kikiwa na tangazo la kumlipa gini 200 mtu yeyote atakayetengeneza chombo cha kukifungua. Kisha yakaja Maonyesho Makuu ya 1851. Pamoja na bidhaa za dunia nzima akaja Mmarekani, Alfred Charles Hobbs, akiuza vitasa vya kampuni ya Day & Newell ya New York. Hakuja kusifu vya kwake tu. Mwezi Julai aliwaita mashahidi kwenye nyumba moja ya Great George Street, Westminster, wakasimama mbele ya mlango wa chumba cha hazina uliokuwa na kitasa cha Chubb. Dakika 25, ukafunguka. Wakamwomba aufunge tena bila ufunguo, akaufunga kwa dakika saba. Kile kinasio kilichowekwa kumfichua mwizi kiligeuka kuwa msaada: kikinasa kinamwambia fundi kwamba kuna kibao alichokiinua kupita kiasi, na fundi akishajua hilo amepata habari ambayo asingeipata kwa vidole peke yake.

Cha Bramah kilimtoa jasho zaidi. Iliundwa kamati ya watu watatu kusimamia, akapewa chumba, akafanya kazi kwa muda wa saa 51 zilizogawanyika katika siku 16. Alipomaliza, kamati haikutazama tu kwamba kimefunguka. Ulijaribiwa ufunguo wake halisi, nao ukafunga na kufungua kama kawaida. Hapo ndipo ninapompenda Hobbs. Kukivunja kitasa kile kungetaka nyundo tu. Yeye alikirudisha kwa mwenyewe kikiwa kizima, na watu watatu wakashuhudia kuwa ni kizima. Alilipwa gini zake 200, yaani pauni 210.

Wapo waliolalamika kwamba anawafundisha wezi. Jibu lilitoka katika kitabu kuhusu vitasa kilichotolewa na Charles Tomlinson mwaka 1853, ambacho Hobbs alichangia maarifa yake: wezi walishajua siku nyingi, asiyejua ni mnunuzi. Nakubaliana nalo kwa moyo wote. Ninapomweleza mteja udhaifu wa kufuli yake ya bei rahisi, simpi mwizi kitu kipya.

Naye Hobbs alipatikana. Kitasa cha Day & Newell, kile alichokuja kukiuza, kilifunguliwa na Mmarekani mwenzake, Linus Yale mdogo, katika miaka ya 1850. Yale hakuishia hapo. Kwa hataza za 1861 na 1865 alirudia wazo la kale la vitasa vya mbao vya Misri, vyenye vijiti vinavyoangukia kwenye matundu, akaliweka ndani ya silinda ndogo ya chuma inayofunguliwa kwa ufunguo bapa. Ukinunua kufuli leo Mtaa wa Kongo, kuna uwezekano mkubwa kwamba ndani yake kuna wazo hilohilo: pini zinazosukumwa na springi, kila moja imekatwa vipande viwili, na silinda haizunguki mpaka mikato yote ikae kwenye mstari mmoja.

Ufunguo ukipotea, mstari huo ndio ninaoutafuta. Nachukua ufunguo ambao haujachongwa, nausugua kwa tupa laini mpaka mgongo wake ung'ae, nauingiza na kuukaza kidogo kulia na kushoto. Nikiutoa na kuuinamisha kwenye mwanga, naona vidoa vidogo, vingine kama ncha ya sindano, mahali pini ilipokataa kupita. Pale penye kidoa napitisha tupa mara moja au mbili. Naurudisha tena. Pini iliyokwisha kufika mahali pake haiachi alama, na unyamavu wake ndio unaoniongoza. Mwisho kufuli inafunguka, na mkononi mwangu kuna ufunguo mpya wa kumkabidhi mteja, kufuli ile ile, mlango ule ule. Mjomba alisema hii ndiyo kazi. Kukata shingo ya kufuli aliita kubomoa.

Pwani yetu ilikuwa na namna zake kabla ya silinda. Milango ya nakshi ya Unguja na Lamu ilifungwa kwa mnyororo na kufuli, na mandusi za misumari ya shaba zilificha droo za siri, maana wazee hawakuiamini kufuli peke yake. Baadaye vikaja vitasa vya Union kutoka Willenhall, mji wa Kiingereza ambao mafundi wake waliinamia jiriwa tangu utotoni mpaka migongo ikapinda, watu wakaupa mji huo jina la utani la vibyongo. Na kutoka India zikaja kufuli za Aligarh. Sanduku la mjomba lilikuwa na za kila aina, nzito, zenye kifuniko kidogo cha kuficha tundu la ufunguo.

Kazi ilibadilika Aprili 1971, serikali ilipotaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Familia nyingi za Kihindi ziliondoka nchini, na funguo nyingine ziliondoka nazo. Mjomba alikuwa kijana, aliitwa kufungua vyumba na stoo za chini za majengo ambayo wapangaji wapya walikuta yamefungwa. Alisema ndani mara nyingi hapakuwa na kitu cha maana: mizani, vikapu, picha za harusi. Picha alizitenga na kumkabidhi mjumbe wa nyumba kumi, akamtaka aweke sahihi. Mfumo wa mjumbe ulikuwa mchanga bado, umeletwa na TANU miaka ya 1960, lakini kwake ulikuja kama jibu. Hatimaye kila mtaa ulikuwa na mtu anayejua nani anamiliki nini.

Uliojaribu msimamo wake ni mwaka 1983. Sabuni, sukari na mafuta ya kula vilikuwa vimeadimika, na Waziri Mkuu Edward Sokoine akaongoza msako wa wahujumu uchumi. Sheria maalumu ilipitishwa mwaka huohuo. Wengine walitupa mali usiku porini na baharini. Wengine, maofisa walipofika mlangoni, walijibu kwamba ufunguo umepotea.

Mjomba aliitwa kwenye stoo hizo. Askari wenye haraka walitaka mtaimbo. Yeye aliweka sharti: mjumbe awepo, mwenye stoo awepo, afungue bila kuvunja, na mzigo ukishahesabiwa kufuli irudi mahali pake. "Mpwa wangu," aliniambia, "mlango uliovunjwa hauna mwenyewe. Kesho pakipungua katoni, nani atasema ilichukuliwa kabla au baada?" Alitukanwa, na mara nyingine aliondoshwa wakaingia wenye mtaimbo. Daftari lake ninalo. Mstari mmoja unasema: Msimbazi, kufuli ya Aligarh, imefunguliwa, imefungwa tena, nzima, kisha majina, na sahihi ya mwenye stoo iliyoandikwa kwa mkono unaotetemeka. Sijui kama mtu yule alikuwa na hatia. Najua kwamba katika mwaka ambao wengi waliogopa hata kusema, alipewa nafasi ya kushuhudia mlango wake ukifunguliwa.

Leo kuna grainda. Kijana yeyote mwenye umeme anakata kufuli kwa dakika moja, cheche zinaruka, na wapita njia hawageuki. Inaniuma. Siyo kwa sababu inaninyima riziki. Nami ninayo grainda, na kuna kufuli za chuma kigumu ambazo sina njia nyingine kwazo. Inaniuma kwa sababu kazi ya vidole ilikuwa inachukua muda, na katika muda huo mjumbe alifika, jirani alitoka nje, mwenye mali alipatikana kwa simu. Grainda imemaliza kabla hajafika mtu.

Kwa hiyo vijana wawili ninaowafundisha hawaigusi mpaka daftari limeandikwa: jina la mteja, namba ya kitambulisho chake, jina la shahidi, aina ya kufuli, na neno "nzima" au "imekatwa". Mteja akikataa kuandika, tunamrudishia pesa yake ya nauli na stoo inabaki imefungwa.