Mwanasesere

Mwanasesere (wingi: wanasesere) ni sanamu ndogo ya mtu inayochezewa na watoto au kukusanywa na watu wazima. Huitwa pia mtoto wa bandia.

Wanasesere wa Busia na Tororo. Busia ni miji miwili yenye jina moja, iliyotenganishwa na mpaka wa Kenya na Uganda. Wilaya ya Busia ya Uganda ilimegwa kutoka wilaya ya Tororo mwaka 1997. Watoto wa eneo hili hutengeneza wanasesere kwa maganda makavu ya mgomba, matambara au gunzi la mahindi, ndevu za hindi zikiwa nywele. Wa plastiki hununuliwa sokoni, wapya au wa mitumba.

Mavazi. Vipande vya kitenge vinavyobaki kwa fundi cherehani hutosha kabisa. Vazi linalodai ustadi ni gomesi, gauni la wanawake wa Uganda, linalohusishwa na fundi Mgoa Caetano Gomes na wasichana wa shule ya Gayaza nchini humo, mwaka 1905. Shingo hukatwa mraba, mabega husimamishwa yachongoke, vifungo viwili hukaa upande wa kushoto, kisha mshipi hufungwa chini ya kiuno. Kwa mwanasesere wa sentimita 29, kimo cha Barbie aliyezinduliwa Marekani mwaka 1959, mshono wa mkono hufaa kuliko cherehani, kwani pindo ni jembamba mno.

Ukusanyaji. Wanasesere wa maganda huharibiwa na unyevu na wadudu; wahifadhiwe pakavu. Kila mmoja ni kumbukumbu ya mikono iliyomfuma, na anastahili kutunzwa.