Rafiki Aliyekuja kwa Miguu: Ukumbusho wa Soko la Nyangwe, 1871

Ndugu wasomaji, katika siku za Yubile ni desturi kuwahesabu wale waliojenga, waliofundisha na waliobatiza. Ni haki kufanya hivyo. Lakini sisi tunaokaa kandokando ya mto Lualaba tunalo deni jingine, la zamani zaidi, nalo ni deni la kuwakumbuka waliotembea. Kabla ya reli na kabla ya barabara za magari, urafiki wa nchi hii ulipita njiani kwa miguu. Kwa hiyo tumeona vema kueleza katika kurasa hizi habari za mgeni mmoja aliyefika Nyangwe akitembea, za soko alilolipenda, na za wenziwe waliomchukua mabegani alipokufa.

Tuanze na soko, kwani lilikuwapo kabla yake. Wanawake wa pande zote mbili za mto walikutana Nyangwe siku moja, kisha wakaacha siku tatu wakienda katika masoko mengine, halafu wakarudi tena. Walileta samaki, chumvi, pilipili, mawese, muhogo, kuku, mbuzi, vyungu, na vitambaa vilivyofumwa kwa nyuzi za majani. Wengine walivuka kwa mitumbwi, wengine walitoka mbali wakiwa na mizigo yao tangu alfajiri. Nao walikuwa na sheria isiyoandikwa: hata vijiji vilipokuwa katika vita, mwanamke aendaye sokoni aliachwa apite salama. Waume walipigana, wake waliuziana samaki. Ndivyo watu wa nchi hii walivyobaki kuwa watu wamoja.

Mwisho wa mwezi wa Machi 1871 alifika hapa mzee wa miaka 58, mwenyeji wa Scotland, jina lake David Livingstone. Hakuwa wa Kanisa letu. Alikuwa Mprotestanti, mganga na msafiri. Alikuwa akitafuta chanzo cha mto Nile, na alidhani kwamba huenda Lualaba yetu ndiyo mwanzo wake. Katika jambo hilo alikosea. Lakini safari yake ya kuja hapa yastahili kusimuliwa.

Mwezi wa Juni 1870 alitoka Bambarre, ndiyo Kabambare yetu, akiitafuta Lualaba. Watu wake walikuwa wamemwacha, wakabaki watatu tu: Susi, Chuma na Gardner. Mvua na matope vilimshinda, miguu ikashikwa na vidonda vibaya, akalazimika kurudi Kabambare. Akakaa pale tangu Julai 1870 hata Februari 1871. Mtu ambaye kazi yake yote ilikuwa kutembea, sasa hakuweza kuvuka ua wa nyumba. Aliandika kwamba katika wakati wake wa Manyema aliisoma Biblia nzima mara 4. Wale watatu hawakumwacha. Tuwakumbuke tangu sasa, maana tutakutana nao tena mwishoni.

Alipofika Nyangwe, watu walimwogopa. Na kwa nini wasimwogope? Alikuja katika njia ileile ya Wangwana na Waarabu waliotafuta pembe na watumwa, na alikula chakula chao, kwa kuwa hakuwa na namna nyingine ya kuishi. Aliomba mitumbwi ya kuvukia, hakuna aliyempa. Basi akafanya jambo dogo: akawa anakwenda sokoni. Alikaa, akatazama, akasikiliza, akawahesabu watu. Siku moja aliona kama watu 3,000, wengi wao wanawake. Aliwapenda kwa sababu ya bidii yao na kicheko chao, na namna walivyobishana juu ya bei bila kuoneana uchungu.

Tarehe 15 Julai 1871 ilikuwa siku ya joto kali. Watu wapatao 1,500 walikuwa sokoni. Livingstone naye alikuwako, akaona watu watatu wa msafara wa wafanya biashara wakiingia na bunduki. Alitaka kuwakemea, kwani haikuwa desturi kuleta silaha mahali pale, lakini alidhani ni ujinga wa wageni tu, akaanza kuondoka. Mmoja wao alikuwa akibishana juu ya kuku. Mara bunduki zikalia katikati ya soko, na nyingine zikajibu kutoka karibu na kijito ilipofungwa mitumbwi. Wanawake walitupa vikapu vyao, wakakimbilia majini. Mitumbwi ilijaa na kuzama. Wengi walijaribu kuogelea kuelekea kisiwa cha mbali, na mkondo wa mto ukawachukua mmoja mmoja. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Majina yao hayakuandikwa mahali popote. Wao ni bibi zetu.

Livingstone alitaka kuwapiga risasi wauaji. Dugumbe, mkubwa wa Waarabu, akamzuia. Ndipo akawatuma watu wenye bendera yake wakaokoe waliosalia, na baadhi ya waliookolewa walilala karibu na nyumba yake usiku ule. Ng'ambo ya mto vijiji viliendelea kuwaka moto, na vilio vya kuwalilia wafu vilisikika hata upande huu.

Sasa twafika mahali panapotuuma zaidi. Baada ya moto ule, wazee wa vijiji vilivyoteketezwa walivuka mto wakamjia Livingstone. Walimwomba aende nao awaonyeshe mahali papya pa kukaa, ili watu waliotawanyika wakusanyike tena. Tufikiri, ndugu. Katika wageni wote waliokuwa na nguvu siku ile, wazee walimchagua mzee mmoja mgonjwa asiye na jeshi. Walimwamini kwa sababu alikaa nao sokoni. Naye alikataa. Alisema aliona haya mno kwa ajili ya watu aliofuatana nao, hata hakuweza kuwatazama Wamanyema usoni. Tarehe 20 Julai aliondoka Nyangwe kurudi nyuma.

Je, alikosa? Baadhi yetu husema rafiki wa kweli angevuka mto. Wengine husema mtu mwenye watumishi watukutu, bila mali na bila afya, angeweza kuwaletea wazee wale mateso mapya. Sisi hatumhukumu. Lakini hatutaki pia kumfanya mtakatifu. Kitabu chake cha siku zile, alichokiandika juu ya karatasi za gazeti la zamani kwa wino wa mbegu za mti, kilisomwa upya na wataalamu kwa vyombo vya taa mwaka 2011. Wameonyesha kwamba maneno ya kwanza hayakuwa sawasawa na yale yaliyochapwa mwaka 1874, na kwamba kuna mashaka juu ya mwenendo wa baadhi ya watu wake mwenyewe.

Hata hivyo hakunyamaza. Njiani, mwezi wa Agosti, wenyeji waliodhani yeye ni mmoja wa wauaji walimtupia mikuki, ikampita karibu sana. Hakuwalaumu. Alitembea hata Ujiji, akafika tarehe 23 Oktoba 1871, amekonda na kuishiwa. Barua zake juu ya mauaji ya Nyangwe zilisomwa Ulaya mwaka 1872, zikaamsha hasira kubwa. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa. Kwa hiyo kilio cha wanawake wa soko letu kilifika mbali kuliko mto ulivyowachukua. Livingstone hakupata habari hiyo. Alikuwa amekwisha kufa mwanzoni mwa Mei mwaka uleule, katika kijiji cha Chitambo, nchi ya Zambia ya leo.

Hapa Susi na Chuma wanarudi. Wangaliweza kumzika na kwenda zao. Badala yake waliuzika moyo wake chini ya mti, Jacob Wainwright akasoma sala, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga, wakaanza kutembea. Msafara ule ulikuwa wa watu wa asili nyingi: Susi wa Shupanga karibu na Zambezi, Chuma Myao aliyeokolewa utumwani akiwa mtoto, vijana waliofundishwa India, watu wa pwani, na wanawake pia. Wengine walikufa njiani. Huko Tabora, Mwingereza Cameron aliwashauri wauzike mwili palepale, wakakataa. Cameron huyo ndiye aliyefika Nyangwe kwetu mwaka 1874. Wao walikwenda zaidi ya kilomita 1,500, wakafika Bagamoyo mwezi wa Februari 1874. Huko Mapadri wa Roho Mtakatifu, Wakatoliki, waliupokea mwili wa Mprotestanti yule, nao ukalala usiku mmoja katika misioni yao. Hakuna aliyeuliza kwanza dini ya marehemu. Tarehe 18 Aprili 1874 alizikwa London, katika Westminster Abbey.

Ndugu wapenzi, tunapofanya sherehe, maandamano yetu yatapita karibu na mto uleule. Mama zetu bado wanakwenda sokoni na mizigo yao, na katika miaka yetu hii pia njia za Maniema zimeona watu wenye bunduki. Tunaomba basi mambo mawili. Kwanza, maandamano yasimame kidogo mtoni, tuwaombee wanawake wa tarehe 15 Julai 1871, ambao hawana kaburi. Pili, kila mmoja wetu amtafute jirani mmoja aliyetengana naye, ng'ambo ya mto au ng'ambo ya ua, amwendee kwa miguu yake mwenyewe na kukaa naye. Wazee wale waliomba mtu wa kuvuka pamoja nao. Ombi lao halijafa, na sisi tunaweza kulijibu.