Kosa la Mugumu

Msomaji wa pwani akutanapo na jina Mugumu katika ramani ya mkoa wa Mara huenda akadhani mchoraji ameteleza, na kwamba palitakiwa pawe Mgumu. Mji huo ni makao makuu ya wilaya ya Serengeti, na jina lake ni la wenyeji. Si kivumishi cha Kiswahili kilichoharibika. Hata hivyo sikio linalolishuku lina historia yake, na hukumu yake huitoa kwa neno moja: kosa.

Kosa ni kitenzi kabla ya kuwa jina. Mshale hukosa ndege, msafiri hukosa njia, maskini hukosa chakula. Humo hamna mwenye hatia. Kuna kitu tu kisichopatikana. Irabu moja ndiyo iletayo lawama: kumkosa mtu ni kutomkuta, kumkosea ni kumtendea visivyo. Ukosefu ni upungufu. Makosa ni ya mahakamani na ya daftari la mwanafunzi. Washairi nao wana guni, yaani shairi lililopungukiwa vina au mizani, na hapo maana ya kale ya upungufu ingali hai.

Maana ya daftari ilipata nguvu baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928 kukichagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji. Kamati ya Lugha ikaanza kazi 1930, ikawa hupitia vitabu vya shule; kamusi ya Frederick Johnson ikatoka 1939. Mtoto wa Kiikoma, Kinata, Kingoreme au Kikuria, ambaye lugha ya nyumbani humzoesha kiambishi chenye irabu kamili, akiandika muti na mutoto akaangukia kalamu nyekundu. Watu wa Mombasa na Lamu waliangukia kalamu hiyo hiyo kwa maneno yao mengine, ila wao walikuwa na tungo za karne nyingi za kujitetea nazo.

Basi nani aliyekosa? M ya mtu ilikuwa mu. U yake imedondoka midomoni, ikabaki katika Muumba, na katika mwana na mwezi imegeuka w. Kongo ya mashariki husema mutu hadi leo. Kwa maana ya kwanza ya kitenzi, basi, mtu ndiye aliyekosa, kwa kuwa amekosa u; mutu hakukosa kitu.

Mwalimu wa Mugumu hana budi kusahihisha, maana mtihani ni mmoja nchi nzima. Lakini mshairi wa Unguja, ambaye hawezi kuvumilia mutoto mazungumzoni, ahesabupo mizani huipa ile m ya mtoto nafasi kamili, kana kwamba irabu yake haijaondoka. Mtoto ni mizani tatu, mutoto ni tatu. Mgumu na Mugumu hukaa katika kipande kimoja bila kukizidisha wala kukipunguza.