Casio: Kikokotoo Kilichojifunza Muziki

Taja jina la Casio hapa Chake Chake, kisiwani Pemba, na wengi watakumbuka kikokotoo cha skuli au saa ya mkononi. Kinanda huja baadaye. Ndivyo kampuni yenyewe ilivyokwenda.

Mwaka 1946 Tadao Kashio alifungua karakana ndogo huko Mitaka, Tokyo. Kilichompa mtaji, amini usiamini, ni pete ya kidoleni yenye kishikio cha sigara, ili mvutaji aendelee na kazi huku akivuta. Kwa fedha hizo yeye na wadogo zake watatu, Toshio, Kazuo na Yukio, waliunda 14-A, mashine ya kukokotoa yenye ukubwa wa meza. Mwaka 1957 wakaanzisha Casio.

Muziki ulikuwa hamu ya Toshio, mvumbuzi wao. Alitaka mtu wa kawaida apate sauti za ala nyingi katika chombo kimoja, na kinanda cha Casiotone 201 cha mwaka 1980 kilikuwa nazo 29. Aliugawa mlio wa ala kama silabi: konsonanti pale unapoanza, vokali pale unapodumu.

Kisha ikaja MT-40 ya mwaka 1981, ndogo, ya betri. Wapo walioiita mchezo wa watoto. Lakini Pemba ilitegemea jenereta za dizeli za Wesha hadi waya wa umeme ulipopitishwa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010. Hapa betri haikuwa jambo la kubeza. Midundo ya MT-40 alikabidhiwa Hiroko Okuda, msichana aliyetoka chuo cha muziki, ambaye tasnifu yake ilihusu rege. Mmoja wa midundo hiyo ulipewa jina la roki. Mwaka 1985, Kingston, mwimbaji Wayne Smith na mtayarishaji King Jammy waliupunguza kasi wakautumia katika wimbo "Under Mi Sleng Teng", na rege ya Jamaika ikahamia kwenye mashine.

Huku kwetu, taarabu nayo ilikuwa na dai lake. Maqamu yake, yaani ngazi za sauti za Kiarabu, yanahitaji robo toni, na kinanda cha kawaida hakina. Miaka mingi baadaye Casio ikatoa vinanda vya AT, vilivyotengenezwa kwa ajili ya muziki wa Kiarabu. Kwa maoni yangu hiyo ilikuwa hatua kubwa kuliko zile sauti 29, ingawa udi na fidla vilikuwa vikizitoa robo toni hizo zamani, bila betri wala waya.